Mgeni Mpe Jembe: Historia Fupi ya Wakimbizi na Vikundi vya Jamii Nchini Kwetu

 

Kamati ya kitabu hiki ilinipangia kuandika habari za historia. Historia ya sanduku letu ameiandika Katibu, na mahesabu ameyaandika Mtunza Hazina. Mimi nimeona niandike habari za watu ambao hatuwafikirii sana siku ya kununua hisa, nao ni wakimbizi. Najua wengine mtauliza, jamani, wakimbizi na Mwankoko wapi na wapi? Sisi ni wakulima wa alizeti, mtama na vitunguu, na Singida haina mpaka na nchi yoyote.

Hayo ni kweli. Lakini kama mnavyojua, katika mkutano mkuu wa mwaka huu tutapigia kura kile kifungu cha katiba yetu kinachosema kwamba mwanachama sharti awe mzaliwa wa Mwankoko au ameolewa Mwankoko. Yapo maombi ya akina mama wasio na sifa hizo. Mmoja wao wazazi wake waliingia Tanzania kama wakimbizi, yeye akazaliwa hapa nchini. Kwa hiyo kabla hatujanyoosha mikono, ni vizuri tujue nchi yetu imepita wapi katika jambo hili, na ni kitu gani kilichowasaidia watu wa namna hiyo wakasimama tena.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii wengi wetu tunaitumia kwa kumcheka mgeni aliyezidisha siku. Lakini mimi nikiitazama naona ina heshima ndani yake. Ukimpa mtu jembe umemwambia, wewe sasa ni mmoja wetu, nguvu zako zinahitajika. Katika historia ya wakimbizi hapa kwetu, pale walipopewa jembe walipona. Pale walipopewa kibakuli tu, waliishi lakini hawakupona.

WAKIMBIZI WAZUNGU WA KONDOA NA TENGERU

Tukisikia neno mkimbizi tunafikiri mara moja mtu wa Burundi, Rwanda au Kongo. Kumbe katika miaka ya vita kuu ya pili nchi hii ilipokea wakimbizi Wazungu, tena maelfu.

Hao walikuwa Wapolandi. Mwaka 1939 nchi yao ilivamiwa na kugawanywa kati ya Ujerumani na Urusi ya Kisovieti. Warusi waliwachukua watu wengi wakawapeleka sehemu za baridi kali kama Siberia kufanya kazi ngumu. Walipoachiwa walitoka kwa kupitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 Waingereza wakawaleta wengi wao Afrika. Hapa Tanganyika waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, ambako walifika kama 5,000. Wengine waliwekwa Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kondoa. Kondoa hiyo ni jirani zetu hawa hawa, na wakati wa mkoloni ilikuwa katika Jimbo moja la Kati pamoja na Singida.

Wengi wao walikuwa akina mama na watoto, maana wanaume walikuwa jeshini. Chakula walipewa. Lakini hawakukaa kusubiri chakula tu. Pale Tengeru walikuwa na shule zao, kanisa, hospitali, karakana na shamba. Watoto walikuwa na chama cha skauti. Akina mama waliofiwa na waume na kupotelewa na watoto njiani walikuwa na kazi ya kuamkia asubuhi. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na makaburi yao yako Tengeru mpaka leo.

Nimeanza na hawa ili tuone kwamba ukimbizi hauna rangi wala kabila. Mtu yeyote, hata wa nchi kubwa, anaweza kuamka siku moja hana kwao.

ULYANKULU, KATUMBA NA MISHAMO

Baada ya uhuru ndio wakaja jirani zetu. Wanyarwanda walianza kukimbia machafuko ya kwao mwaka 1959. Kusini walikuja watu wa Msumbiji kuanzia mwaka 1964 kwa sababu ya vita vya ukombozi, wakarudi kwao nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975. Na mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa Burundi, watu kwa makumi ya maelfu wakavuka kuja Kigoma. Wengine walipokelewa majumbani na kubaki vijijini Kigoma. Waliobaki Serikali iliwatafutia ardhi mbali na mpaka.

Hapo ndipo kazi ya mashirika ya jamii inapoonekana vizuri. Mwaka 1964 lilianzishwa shirika la makanisa la kuhudumia wakimbizi, linaloitwa TCRS, chini ya Walutheri wa dunia kwa kushirikiana na Baraza la Kikristo hapa nchini. Utaratibu ulikuwa wa mafiga matatu. Serikali ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, yaani UNHCR, lilitafuta fedha. TCRS ilifanya kazi yenyewe ya kupima viwanja, kufungua barabara, kujenga shule na zahanati, na kuchimba visima. Jungu halikai kwenye figa moja, mnajua wenyewe.

Makazi ya kwanza ya Warundi hawa yalikuwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, ambao tunapakana nao. Yalifunguliwa mwaka 1972. Mwaka uliofuata yakafunguliwa Katumba, na mwaka 1978 Mishamo, yote wilaya ya Mpanda ya wakati ule. Mishamo ilifunguliwa kwa sababu Ulyankulu watu walizidi na maji hayakutosha. Sisi wa Mwankoko jambo hilo tunalielewa haraka. Maji ya visima vyetu yanakunywewa mjini Singida, tunajua kisima kinaweza kulisha watu wangapi na kikizidiwa inakuwaje.

Sasa angalieni tofauti. Mkimbizi aliyefika kwenye makazi haya alipewa kipande cha shamba, jembe, panga na mbegu. Alipewa mgao wa chakula mpaka avune, kisha mgao ukapunguzwa na kuondolewa. Palikuwa pori tupu, lenye mbung'o na wanyama, na kazi ilikuwa nzito. Lakini walilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Wakawa na vyama vya ushirika vya kuuzia mazao. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe, na mazao yao yanauzwa nje ya makazi. Waliokuja wakiwa wapokeaji wakawa wauzaji.

Si kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Walitakiwa kuwa na kibali kutoka nje ya makazi, na wengi waliishi miaka mingi bila kujua wao ni wa nchi gani. Lakini mtu mwenye shamba lake, kanisa lake, chama chake cha ushirika na mtoto shuleni analala usingizi. Hiyo ndiyo ninayoiita ustawi.

Uraia nao ulikuja. Mwaka 1980 Serikali ilitoa nafasi ya uraia kwa Wanyarwanda kama 36,000. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa nishani ya Nansen ya Umoja wa Mataifa kwa ajili ya jinsi Tanzania ilivyopokea wakimbizi. Warundi wa mwaka 1972 waliulizwa kuanzia mwaka 2007 kama wanataka kurudi au kubaki. Wengi sana walichagua kubaki, na mwaka 2010 ilitangazwa kwamba watu kama 162,000 wamekubaliwa. Vyeti walianza kupewa Oktoba 2014, wakati wa Rais Kikwete. Mwanzoni mpango ulikuwa wahamishwe kutoka kwenye makazi na kusambazwa mikoani, baadaye wakaruhusiwa kubaki. Kwa hiyo yule mama anayeomba kuingia katika kikundi chetu, kama cheti anacho, sio mkimbizi. Ni Mtanzania kama mimi na wewe.

NGARA MWAKA 1994

Wale wa umri wangu mnakumbuka redio za Aprili 1994. Rwanda ilikuwa inaungua. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa kama saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Barabara yao ni hii hii tunayoiona kila siku, inayotoka Singida kwenda Nzega, Kahama mpaka Rusumo. Kambi yao kubwa iliitwa Benaco, jina la kampuni iliyokuwa imejenga barabara sehemu zile.

Msalaba Mwekundu wa Tanzania, makanisa, UNHCR, Mpango wa Chakula Duniani na mashirika mengine mengi walifanya kazi kubwa. Bila wao watu wangekufa kama inzi. Maji, turubai, unga, maharage, mafuta na dawa vilifika. Hata hivyo palikuwa na tatizo. Chakula mwanzoni kiligawiwa kwa kupitia wale wale waliokuwa viongozi wa vijiji na wilaya huko Rwanda, na baadhi yao walikuwa na mikono yenye damu. Walijihesabia watu wengi kuliko waliokuwepo, wakajilimbikizia. Wajane, yatima na wasiokuwa na mkubwa wa kuwasemea walipata kidogo. Baadaye utaratibu ulibadilishwa, chakula kikawa kinapelekwa karibu zaidi na kaya zenyewe.

Ndugu zangu, hili tuliweke moyoni. Msaada unaweza kuwa mwingi na mnyonge asiupate, kama hayupo kwenye duara la kuhesabu. Ndio maana sisi fedha zetu tunazihesabu hadharani, mbele ya kila mwanachama, aliyesoma na asiyesoma.

Tofauti na Ulyankulu, hapa hapakuwa na jembe. Watu walikuwa wengi mno na ardhi ilikuwa ndogo, miti ikakatwa, wenyeji wakalalamika, na wakimbizi wakakaa wakisubiri gari la chakula. Wengi wao walirudishwa Rwanda Desemba 1996. Lakini katika kukaa huko lilitokea jambo moja jema. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera pale Ngara. Kwizera kwa Kinyarwanda na Kirundi ni tumaini. Redio ilitangaza habari za afya, za elimu, na za watu waliopoteana. Mama aliyepotelewa na mtoto njiani, ugali peke yake hautampa usingizi. Anataka kusikia jina la mwanawe. Wakimbizi walipoondoka redio ilibaki, ikaendelea kuwahudumia wenyeji.

AKINA MAMA NA KUNI

Warundi nao walikimbia tena baada ya Rais wao Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wakajaa katika kambi za Kibondo, Kasulu na Ngara. Hapa nitasema jambo ambalo kwenye mikutano tunalipita haraka haraka.

Mgao wa kambini unakuja na unga na maharage. Kuni hauji nazo. Maharage yanataka moto wa saa nyingi. Kwa hiyo mama anatoka kambini alfajiri kwenda porini, na huko ndiko alikokutana na wabaya. Wengine waliharibiwa ndani ya kambi, hata ndani ya nyumba zao. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1996 katika kambi ya Kanembwa, Kibondo, ulionyesha kwamba zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne alikuwa ameingiliwa kwa nguvu tangu awe mkimbizi. Nani angelijua hilo kama wanawake wasingeulizwa na wanawake wenzao?

Kilichosaidia kilikuwa vikundi. Shirika la IRC lilianzisha vituo ambapo mama angeweza kuingia saa yoyote, akapokelewa na mwanamke, akasikilizwa kwa lugha yake, akapelekwa hospitali na polisi kama anataka. Wanawake wakimbizi wenyewe ndio waliokuwa wanapita kwenye vitongoji vya kambi kuwaambia wenzao kwamba siri hiyo inaua. Pia palikuwa na mafunzo ya majiko banifu yanayotumia kuni kidogo, na vitalu vya miche. Mtu anaweza kucheka kwamba jiko ni kitu kidogo. Lakini jiko linalopunguza safari za porini ni ulinzi.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Sasa nafika kwenye jambo letu. Utaratibu huu wa hisa, mfuko wa jamii, faini na mgao wa mwisho wa mwaka haukutungwa Singida. Ulianza mwaka 1991 huko Maradi, nchi ya Niger, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Ukasambaa Afrika nzima, na hapa Tanzania wengi wanaujua kwa jina la VICOBA. Ni mtindo wa watu maskini kukopeshana fedha zao wenyewe, bila benki na bila kuweka shamba rehani.

Mwaka 2015, ule ule tulionunua sanduku letu, Burundi iliingia tena katika machafuko. Mwezi Mei watu kwa makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikaingia. Meli yetu ya zamani, MV Liemba, ndiyo iliyowabeba kwenda Kigoma. Walipelekwa Nyarugusu, kambi iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, nayo ikawa moja ya kambi kubwa kabisa duniani. Zikafunguliwa tena Nduta na Mtendeli. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021.

Katika kambi hizo, na katika vijiji vinavyozizunguka, zilianzishwa hisa kama zetu. Mashirika yalileta mafunzo na masanduku, fedha zilikuwa za watu wenyewe. Mama anauza sehemu ya mgao wake, au sabuni aliyotengeneza, au mboga za kibustani cha nyuma ya nyumba, ananunua hisa moja. Kwa hesabu ya benki hicho ni kichekesho. Lakini siku ya mkutano anaitwa jina lake, sio namba ya kadi. Mwenzake anashika funguo moja, yeye anashika nyingine. Akiugua wanamjia. Asipofika wanauliza yuko wapi. Mtu aliyepokea kwa miaka mitano bila kutoa chochote, siku hiyo anatoa.

Ugumu haukukosekana. Sheria haikumruhusu mkimbizi kutoka kambini bila kibali, na kuanzia mwaka 2018 masharti ya biashara na masoko ya kambini yalikazwa. Vikundi vingine viliyumba kwa sababu hapakuwa na biashara ya kurudishia mkopo. Wenyeji nao walikuwa na haki ya kusema, sisi tumekatiwa miti yetu, mbona misaada inatupita? Ndipo mwaka 2017 Serikali na Umoja wa Mataifa wakaanza programu ya pamoja mkoani Kigoma iliyowaangalia wenyeji pia. Huo ni uamuzi mzuri. Ukimlisha mgeni mwenyeji akilala njaa, umepanda ugomvi.

TUNAJIFUNZA NINI SISI WA MWANKOKO

Katika historia hii ndefu mimi nimeokota mambo matatu.

Kwanza, chakula na turubai huokoa maisha, na waliovileta tunawashukuru. Lakini kinachomrudishia mtu utu wake ni kuwa na wajibu mbele ya wenzake. Tengeru walikuwa na shule na karakana zao, Ulyankulu walikuwa na mashamba na ushirika, Nyarugusu walikuwa na sanduku.

Pili, shirika kubwa linaweza kuleta lori. Kumjua jirani kwa jina ni kazi ya kikundi kidogo. Hakuna wa mbali atakayetufanyia hiyo.

Tatu, mnyonge hupotea pale hesabu inapofanywa na wachache. Akiwa ndani ya duara, anaonekana.

Sasa nawajibu wale wenye wasiwasi, na wasiwasi wao siudharau. Wanasema mtu asiye mzaliwa anaweza kukopa akahama usiku. Jamani, tuangalie katiba yetu yenyewe. Kinacholinda sanduku letu ni nini? Ni mtu kununua hisa kwanza kabla ya kukopa, ni kutokopeshwa zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na ni wadhamini wawili wanachama. Vifungu hivyo vitambana mgeni kama vinavyotubana sisi. Kifungu cha kuzaliwa hakijawahi kurudisha mkopo hata mmoja.

Wengine wanaogopa sheria. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inatutaka tujisajili na tuwe na orodha sahihi ya wanachama. Vizuri. Basi kila mwombaji alete kitambulisho au cheti chake cha uraia, na mwenyekiti wa mtaa athibitishe makazi yake. Hatumfichi mtu, wala hatumkatai mwananchi kwa sababu ya alikotoka mama yake.

Pendekezo langu ni kwamba maneno "mzaliwa wa Mwankoko au aliyeolewa Mwankoko" yaondolewe, tuandike "mkazi wa Mwankoko anayejulikana na aliyekubaliwa na wanachama". Na katika mfuko wa jamii tuweke kifungu cha kumsaidia mgeni aliyehamia akiwa na shida, kama tunavyomsaidia mfiwa. Mamlaka ni ya mkutano mkuu, nami nitaheshimu mtakavyoamua.

Miaka kumi iliyopita hakuna aliyetuamini sisi na vitabu vyetu vya hisa. Tuliaminiana wenyewe kwa wenyewe, ndio maana leo tunasherehekea. Imani hiyo ndiyo jembe letu. Tusiogope kumpa mwingine ashike mpini.

Mungu awabariki akina mama wa Mwankoko, Mungu aibariki Tanzania.

Wenu katika maendeleo,
Mwenyekiti wa Kikundi